Kiuno cha Tisini na Saba

Kwa miaka ishirini na miwili Mishi hakuwahi kumpima mteja bila kumwandika, na hakuwahi kumwandika mteja kisha akamfuta. Kila mtu alikuwa na ukurasa wake katika kaunta buku: jina juu, na chini yake kifua, kiuno, nyonga, bega, mkono na urefu. Mwili ukibadilika, na miili ya watu wa Machakos hubadilika kama ya watu wa kwingine kokote, alikipitishia kipimo cha zamani mstari mmoja mwembamba, akaandika kipya kando yake pamoja na tarehe. Kile cha zamani kilibaki kinasomeka. Hakufanya hivyo kwa hekima yoyote. Alifundishwa hivyo na marehemu babake, mzee Omar, aliyeshona kabla yake katika duka lilelile lenye veranda, nyuma ya soko, naye Mishi si mtu wa kubadilisha jambo kwa sababu tu mwaka umebadilika.

Buku zilikuwa nne, nene, zenye jalada gumu, nazo zilikuwa na kasoro moja. Hazikufuata alfabeti. Zilifuata siku ambayo mteja alikuja mara ya kwanza, kwa hiyo ili kumpata mtu ilibidi ukumbuke alianza lini kuvaa nguo za Mishi. Zamani alikumbuka bila shida. Kisha akatimiza miaka hamsini na minne, akaanza kutafuta miwani akiwa ameivaa, na buku zile nne zikageuka msitu.

Siku iliyokata shauri ilikuwa ya Bartholomew, kiongozi wa kwaya, mwanzoni mwa mwaka 2004. Alikuja kuagiza suti ya Pasaka pamoja na waimbaji wake wanne wa sauti ya kwanza, wasichana wenye macho makali. Mishi akapekua buku ya kwanza, akapekua ya pili, akarudi ya kwanza. Nusu saa ikapita. Mwishowe akasalimu amri, akampima upya palepale mbele ya wasichana, na kwa mazoea akaitaja hesabu kwa sauti kama mtu anayemsomea karani: kiuno, arobaini na nne. Bartholomew akatazama dari. Wasichana nao wakatazama sakafu, mabega yakiwatikisika.

Jioni ile Mishi alitangaza nyumbani kwamba amechoka na makaratasi. Kutangaza hivyo katika nyumba yenye vijana ni kujitafutia balaa. Layla, binti yake, alifanya kazi katika duka la kuchapa barua kwa kompyuta, na kwa mawazo yake hapakuwa na jambo duniani ambalo kompyuta isingeliweza. Alimpeleka mamake huko Jumapili moja mchana, akachapa majina thelathini na saba, mazuri, yamepangwa kwa mistari kama wanafunzi gwarideni. Kisha stima ikapotea. Iliporudi, majina hayakurudi nayo. Layla akaeleza kwamba kosa ni lake, alisahau kuyahifadhi kwenye diski, na Mishi akasema kwamba kitu kinachoweza kusahau watu thelathini na saba kwa mpigo hakina cha kumfundisha yeye, kusahau anakujua mwenyewe.

Mshindi alikuwa Ramzi, mtoto wa dada yake mdogo, aliyeuza simu na saa mjini. Alileta kidude chenye ukubwa wa sabuni ya kipande, chenye kifuniko, kioo cha kijivu na vibonyezo vidogo kama punje za mtama. Yeye alikiita ojanaiza. Mishi alikiita dayari ya betri, na jina hilo ndilo lililoshika. Ukibonyeza M, kisha U, kisha T, akina Mutanu, Mutindi na Mutua walitokea wenyewe wakiwa kwenye foleni. Kilitosha mfuko wa aproni. Stima ikipotea, chenyewe hakikuwa na habari. Mishi alikaa nacho wiki nzima akikizungusha mkononi, akakilinganisha na buku, akailinganisha buku na diski ya Layla, na hakuna aliyemharakisha kwa kuwa wote walijua hapendi kuharakishwa. Siku ya nane akaikata tepu yake ya zamani ya kupimia vipande viwili, ishara ya nyumba yao kwamba fundi ameanza ukurasa mpya, akafungua tepu mpya, na kazi ya kuhamisha watu ikaanza.

Dayari ya betri, hata hivyo, haikutengenezwa na mtu aliyewahi kushona. Ilikuwa na nafasi ya jina, nafasi ya simu na nafasi ya anwani, basi. Kiuno hakikuwa na mahali. Mishi akaamua vipimo vikae kwenye nafasi ya simu, ambayo ilibeba tarakimu na vistari, ishirini tu kwa jumla. Vipimo sita na vistari vyake vilienea vizuri. Hivyo ndivyo namba ya simu ya Bartholomew ilivyokuwa 42-44-45-18-25-40, na mtu angeipiga sijui angempata nani.

Lakini vipimo vya zamani, vile vilivyopitishiwa mstari, havikuwa na pa kukaa. Mishi alimuuliza Ramzi. Ramzi akacheka kwa upole, jinsi vijana wanavyowacheka wakubwa wanaowapenda.

"Vya zamani vya nini, mama mkubwa? Nani atarudi kuvaa mwili aliouacha?"

Mishi akaona ana haki. Alihamisha watu mia tatu na kumi na wawili kwa wiki sita, kila mmoja na mwili wake wa mwisho tu, kidole kikimuuma. Alipomaliza, alizibeba zile buku nne hadi ng'ambo ya barabara, kwa Munyiva, mama aliyeuza njugu karanga karibu na steji ya matatu, akampa azifanye koni za kufungia. Karatasi ilikuwa nzito, haipitishi mafuta, na Munyiva alimshukuru kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Mishi akarudi kwenye cherehani akijihisi mwepesi. Nalisema hili wazi kwa sababu baadaye alijaribu kumsingizia Ramzi: hakuna aliyemtuma.

Mutanu alikuja mwezi wa saba. Alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya msingi nje kidogo ya mji, na mteja wa Mishi tangu mwaka wa tisini na nne. Alipopewa unaibu, mwaka wa tisini na saba, Mishi alimshonea suti ya rangi ya damu ya mzee, sketi na koti, na Mutanu alitembea nayo sokoni Ijumaa nzima bila kununua kitu, kusudi aonekane tu. Miaka miwili baadaye alirudi apunguziwe sketi. Mwaka uliofuata akarudi tena. Kisha tena.

Fundi cherehani hujua mambo kabla ya majirani, na wakati mwingine kabla ya daktari. Mishi alijua. Hakuuliza, na Mutanu hakusema. Alichofanya Mishi ni kazi yake. Alimwekea koti bitana nene, akampandishia mabega kwa pedi, akamkatia mikono mipana kidogo ili kifundo cha mkono kisionekane kilivyo. Kwenye ukurasa wa Mutanu, kando ya kila kipimo kipya, aliandika maneno matatu: bitana nene, isijulikane. Na kwa miaka mitatu haikujulikana sana.

Sasa Mutanu alikuwa amesimama mlangoni katika gauni la kitenge, na macho ya Mishi yalimpima kabla mkono haujagusa tepu. Mashavu yalikuwa yamejaa. Shingo ilikuwa imepata mahali pa kuvaa mkufu. Mutanu akaketi kwenye kigoda cha ndani, upande ambao watu wa nje hawaoni, akashika mkoba kwa mikono miwili.

"Mama Layla, wewe unajua niko na virusi," akasema.

"Hujawahi kuniambia, Mwalimu."

"Lakini ulijua."

"Nilijua tangu tisini na tisa."

Mutanu akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesahihisha jibu lililo sawa. Alieleza kwamba ametumia dawa mwaka mmoja na miezi miwili, asubuhi na jioni, hajaruka hata siku moja. Hali ya kula imerudi. Wanafunzi wameanza tena kumwogopa, jambo alilolitaja kwa furaha. Kisha akasema alilojia. Alitaka suti mpya, kama ile ya unaibu, lakini isishonwe kwa mwili wake wa leo. Ishonwe kwa kiuno cha tisini na saba.

"Itakuvuka, mwanangu."

"Najua. Nataka itundikwe pale nyumbani iningoje." Akauzungusha mkoba mapajani. "Watu wote wananiambia nimenona. Wengine wananidanganya, wengine wananihurumia. Hospitali wanajua tu nilianza dawa na kilo thelathini na nane. Kabla ya hapo hawanijui. Mtu aliyeniandika nikiwa mzima ni wewe peke yako. Nitafutie ile namba nijue nimebakisha ngapi."

Mishi akatoa dayari ya betri kwenye aproni. Akabonyeza M, U, T. Mutanu akatokea mara moja, bila kupekua, bila miwani kutafutwa. Kiuno: ishirini na saba. Ndicho kilichokuwa kipimo cha mwisho, cha mwaka wa 2002, siku ambayo Mutanu aliingia dukani akishikilia ukuta. Mishi akakitazama kile kioo cha kijivu, akakifunika kwa kiganja. Angeweza kukisia. Alikumbuka kilikuwa thelathini na kitu. Lakini aliyeketi pale hakuja kutafuta kitu cha kukisia, makisio alikuwa nayo tele kutoka kwa watu wote wa mji.

Akamwambia arudi Jumamosi.

Mutanu alipopotea kwenye kona, Mishi alivuka barabara bila kuvua aproni. Munyiva alimpokea kwa salamu changamfu ya Kikamba, uvoo waku, Mama Layla, akamsifia karatasi zake mpaka Mishi akatamani ardhi immeze. Buku mbili zilikuwa zimekwisha kabisa. Ya nne haijaguswa. Ya tatu, ambayo Mutanu alikuwa ndani yake, ilikuwa imebaki jalada na karatasi kama ishirini za mwisho. Mishi akaketi juu ya debe, akazipitia moja moja. Mutanu hakuwamo. Munyiva alikumbuka kwamba juzi magari ya Ekalakala na Katangi yaliondoka yamejaa, na abiria walinunua njugu kama watu wasiojua watakula tena lini.

Siku tatu zilizofuata, fundi anayeheshimika wa nyuma ya soko alionekana akiinama steji nzima, akiokota koni zilizotupwa, akizikunjua na kuzipangusa chumvi. Watu walidhani amepoteza fedha. Manamba mmoja aliyekuwa akiita abiria alimpa koni yake kabla hata hajamaliza kula. Alipata kifua cha mhubiri mmoja, na urefu wa mikono ya nesi aliyehama zamani. Mchana wa Alhamisi alikuta makanga wawili wa matatu wakisomeana kwa sauti ukurasa wa Bartholomew tangu mwaka wa tisini: thelathini na sita, thelathini na nane, arobaini na moja, wakishangilia kila tarakimu kana kwamba ni mabao. Mishi akawapokonya na kuwatolea maneno ambayo hayafai kuandikwa. Lakini kicheko chao kilimwingia vibaya, kwa sababu ukurasa wa Mutanu nao ulikuwa huko nje, mikononi mwa mtu asiyemjua, una jina juu, vipimo vinavyoshuka kama ngazi, na kando yake maneno matatu kwa mwandiko wake yeye. Isijulikane. Ijumaa jioni akaacha kutafuta.

Jumamosi Mutanu alifika saa nne kamili, na mfuko wa karatasi kwapani. Mishi hakumkaribisha chai kwanza, kwa kuwa aliogopa kwamba chai ingempa nafasi ya kutunga uongo.

"Sina, Mwalimu," akasema. "Niliziona buku za zamani hazina kazi. Nikampa Munyiva afungie njugu. Nimetafuta siku tatu, sijapata."

Mutanu akauliza kama karatasi ilikuwa na jina lake. Mishi akasema ndiyo. Mutanu akatazama nje kuelekea steji kwa muda mrefu, watu wakishuka, watu wakipanda, kila wa tatu akitafuna. Uso wake haukuonyesha hasira. Mishi angefurahi kuiona hasira, maana hasira ya mteja anaijua na ana maneno yake. Huzuni ile hakuwa na maneno yake.

"Wacha," Mutanu akasema mwishowe. "Wengi wanajua tayari. Ni ile namba tu nilikuwa nataka."

Akasimama. Alikuwa ameshafika mlangoni alipokumbuka mfuko wa karatasi. Alirudi akauweka juu ya meza ya kukatia, akasema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayemaliza shughuli, kwamba hii nayo zipu imekataa kufunga, kama inaweza kuachiwa kidogo. Ilikuwa ile sketi ya damu ya mzee.

Mishi aliipokea kwa pupa, apate angalau jambo moja la kumfaa huyu mtu. Akaigeuza ndani nje, kama alivyogeuza nguo elfu, akaushika mshono wa ubavuni auone uliacha nini. Vidole vyake vikasimama.

Babake alimfundisha jambo jingine zaidi ya kutofuta, nalo lilimkaa sana hata hakulihesabu tena kuwa ni jambo. Ukipunguza nguo ya mtu, usikate. Kitambaa ni chake, amekilipia, kunja ukiache ndani. Kwa hiyo Mishi hakuwahi kumkata Mutanu. Mara zote tatu alikunja tu. Na kile kilichokunjwa kilikuwa pale chote, kila upande wa sketi, kimelala kwa milia. Ulio karibu na mshono ulikuwa umepauka karibu sawa na nje, maana uliona jua hadi 2002. Uliofuata ulikuwa mwekundu zaidi. Wa tatu ulikuwa mwekundu zaidi ya huo. Na ukingoni kabisa, kile kitambaa ambacho hakikuwahi kuonekana na mtu tangu siku ya kukatwa, rangi ilikuwa bado ileile ya Ijumaa ya sokoni. Kati ya mlia na mlia kulikuwa na safu ya vitundu vya sindano, vidogo, vimenyooka.

"Kaa, Mwalimu," Mishi akasema.

Akachukua tepu. Akapima mbele na nyuma, kutoka safu ya nje kabisa ya upande mmoja hadi safu ya nje kabisa ya upande wa pili, kisha akapima tena ahakikishe. Thelathini na nne. Akapima safu iliyofuata: thelathini na mbili. Iliyofuata: thelathini. Ule mshono uliokuwa umefungwa bado: ishirini na saba. Alizitaja kwa sauti, kwa mazoea, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mutanu alivuta kigoda karibu na meza. Akaweka kidole kwenye ile safu ya kwanza, akaifuata kitundu kwa kitundu kutoka juu hadi chini, kama mtoto wa darasa la kwanza anayesoma sentensi. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Mishi naye akatafuta miwani yake ili apate pa kutazama, na kwa bahati mbaya alikuwa ameivaa.

Baadaye, chai ikiwa imeletwa, Mishi akachukua chaki akasema sasa suti inaweza kukatwa, kiuno thelathini na nne, hata leo. Mutanu akaitazama sketi.

"Usishone nyingine," akasema. "Fumua hii. Lakini fumua mshono mmoja tu."

Mishi akafumua ule wa ishirini na saba, pande zote mbili. Ilimchukua robo saa, uzi ukitoka kwa vipande vifupi, na robo saa nyingine kupiga mshono mpya juu ya vitundu vya zamani vya thelathini, sindano ikipita mahali ilipowahi kupita. Mutanu akaingia nyuma ya pazia, akatoka zipu imepanda mpaka juu, na ubavuni palibaki nafasi ya kuingiza vidole viwili. Mlia uliofunguliwa ulionekana, mwekundu kidogo kuliko sehemu nyingine ya sketi. Mishi akasema anaweza kuuficha kwa ukanda. Mutanu akasema uache.

Ndipo Mishi akatoa dayari ya betri. Hakulifungua jina la Mutanu lililokuwamo. Alianzisha jina jipya, Mutanu kiuno, na kwenye nafasi ya simu akabonyeza polepole, kidole kikimuuma, 34-32-30-27-30. Akageuza kioo upande wa Mutanu. Ilionekana kama simu ya nchi ya mbali.

Mutanu akaisoma mara mbili, kwa umakini wa mwalimu anayetafuta kosa.

"Nafasi imebaki?" akauliza.

Mishi akahesabu kwa kucha, tarakimu na vistari, hadi ishirini.

"Ya namba mbili," akasema.